Ukitaka Kusuka Upya, Fumua Kwanza

Tangu sekondari tumefundishwa kuichambua riwaya kama mtu anayepanga nguo kabatini. Droo ya juu fani, droo ya chini maudhui. Ndani ya fani kuna muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Ndani ya maudhui kuna dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo. Swali likija unavuta droo inayohusika, unatoa hoja sita na mifano yake, unafunga. Kwa mtihani njia hii inafanya kazi, na sisi tunaosomea ualimu ndio tutakaoipeleka darasani kwa miaka mingi ijayo.

Lakini mtu akihamia upande wa pili wa meza, yaani akaanza kuandika riwaya badala ya kuichambua, anaona jambo ambalo kabati halionyeshi. Ukimgusa mhusika, matukio yanatikisika. Ukiyagusa matukio, mhusika anageuka mtu mwingine. Kwa nyuma kule, droo hizi zimeshikana. Makala hii inaeleza zinavyoshikana, jinsi waandishi wakubwa walivyofumua kazi zao na kuzisuka upya, na jinsi mwanachuo mwenye daftari la kaunta na simu ya kawaida anavyoweza kufanya hivyo bila kuchanganyikiwa. Nitatumia vitabu tunavyovijua, pamoja na riwaya ninayoiandika mwenyewe, kwa sababu hiyo naijua mpaka jikoni.

Msuko ni nini hasa?

Wengine husema ploti, neno ambalo mtaani kwetu linamkumbusha mtu kiwanja cha kujenga. Mimi napenda msuko, kwa sababu neno lenyewe linafundisha. Linatoka kwenye kusuka. Mkeka unasukwa, kikapu kinasukwa, nywele zinasukwa. Na kila aliyewahi kukaa kwenye kigoda cha msusi anajua kwamba huwezi kutoka kwenye twende kilioni ukaingia kwenye mtindo mwingine bila kufumua kwanza. Hakuna anayemwambia aliyefumua nywele kwamba alikosea kusuka mwezi uliopita. Alisuka, zikamkaa vizuri kwa wakati wake, sasa anataka kingine. Ndivyo ninavyoiona rasimu ya kwanza ya riwaya.

Mwaka 1927 Mwingereza E. M. Forster alichapisha kitabu kuhusu riwaya, na humo akatofautisha vitu viwili ambavyo wengi tunavichanganya. Kisa ni matukio yaliyopangwa kufuata wakati: hili, kisha lile. Msuko ni matukio yaliyofungwa kwa sababu: hili, na kwa ajili ya hili, lile. Chukua mfano wangu. "Baba aliuza korosho. Binti akaacha shule." Hicho ni kisa. Sasa jaribu hivi: "Baba aliuza korosho, fedha yote akaolea mke wa pili, ndipo binti akaacha shule." Huo ni msuko.

Angalia kilichotokea hapo katikati. Ili nipate sababu, ilibidi nimjue baba. Kama angekuwa baba mwingine, fedha ileile ingelipa michango na kununua sare, na riwaya ingekuwa nyingine kabisa. Sababu inayofunga matukio mara nyingi inakaa ndani ya mtu: anachokitaka, anachokiogopa, anachomficha jirani. Ndiyo maana swali la "nibadili nini kwenye msuko?" karibu kila mara linajibiwa na swali jingine: "huyu mtu ni nani?"

Wakubwa walivyofumua

Tuanze na Lev Tolstoy wa Urusi. Alipoanza kazi iliyokuja kuwa Vita na Amani, hakuwa na mpango wa kuandika juu ya Napoleon. Alitaka kuandika juu ya mtu mmoja aliyeshiriki uasi wa Desemba 1825, ambaye anarudi nyumbani mwaka 1856 baada ya miaka mingi uhamishoni Siberia. Lakini kila alipojaribu kumwelewa mtu huyo ilimbidi arudi nyuma. Ili aeleze kurudi kwake, akaenda 1825. Ili aeleze 1825, akaenda kwenye ujana wake, wakati wa vita vya 1812. Mwishowe riwaya ikaanzia 1805. Ilipokamilika kuchapishwa mwaka 1869 ilikuwa kitabu kingine kabisa, na mzee wa 1856 hayumo. Kumuuliza mhusika mmoja "ulifikaje hapa?" kulihamisha mwanzo wa kitabu kwa miaka 51.

Chinua Achebe alifanya kinyume chake, alipunguza. Rasimu yake ya awali ilibeba vizazi vitatu vya familia moja ndani ya kitabu kimoja: Okonkwo, mwanawe na mjukuu wake. Alipoipitia upya aliona kwamba kila kizazi kinamnyima mwenzake nafasi. Akakigawa. Okonkwo akapata kitabu chake mwaka 1958, kile tunachokijua kwa Kiswahili kama Hamkani si Shwari Tena. Mjukuu, Obi, akapata chake mwaka 1960. Msomaji anayemwona Okonkwo leo, mzito na mwenye hofu ya kufanana na baba yake, anafaidi uamuzi wa mwandishi aliyetoa watu wengine chumbani ili huyu mmoja apumue.

Mfano wa tatu ni Harper Lee wa Marekani. Mwaka 1957 alikuwa na muswada ambao mhusika wake mkuu ni mwanamke wa miaka 26 anayerudi kutoka New York kwenye mji mdogo wa kusini alikozaliwa, na kumkuta baba yake akiwa na mawazo ya ubaguzi wa rangi. Mhariri wake, Tay Hohoff, alivutiwa zaidi na kumbukumbu za utotoni zilizokuwa humo, akamshauri aandike upya kupitia macho ya mtoto. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka miwili. To Kill a Mockingbird ilipotoka mwaka 1960, baba yuleyule, Atticus, alikuwa wakili anayemtetea mtu mweusi mahakamani, na kwa wasomaji wengi akawa mfano wa uadilifu. Muswada wa awali ulichapishwa mwaka 2015, na wasomaji wengi walishtuka. Umri wa anayetazama ulibadilika, na pamoja nao akabadilika anayetazamwa, na kesi ya mahakamani ikakua ikawa moyo wa kitabu.

Hawa watatu walianza sehemu tofauti. Mmoja aligusa wakati, mwingine idadi ya watu, mwingine umri wa anayesimulia. Wote waliishia kubadili msuko na wahusika kwa pamoja.

Binti wa riwaya zetu

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo jambo hili linaponiuma.

Kuna msuko mmoja ambao fasihi yetu ya Kiswahili imeusuka mara nyingi: binti analelewa kwa ukali, anapata upenyo, anaharibikiwa, analipa. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kuzuiwa mashuleni kwa muda, Rosa anapigwa na baba yake Zakaria kwa sababu ya barua ya mvulana, anakua akiwaogopa wanaume, kisha anapokuwa masomoni mbali na nyumbani ile hofu inapasuka. Mwisho wake ni kujiua. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, Maimuna anafungiwa ndani na baba yake Bwana Maksuudi, anatoroka, anaishia kwenye danguro. Said Ahmed Mohamed hakumalizia safari hiyo kaburini, lakini Maimuna alipita kwenye moto kweli.

Hizi ni riwaya kubwa, na sizisemi vibaya. Kezilahabi hakumuua Rosa ili kutisha wasichana tu. Alikuwa anamshitaki Zakaria, na alikuwa anaishitaki jamii nzima. Tatizo ni kile kinachobaki msuko unapotoka kwenye mikono ya mwandishi kama yeye ukaingia kwenye mikono yetu sisi wengine: kwenye tamthiliya za shuleni, kwenye filamu za mtaani, kwenye insha. Sababu zinaanguka njiani, unabaki mfupa mmoja: alipata mimba, akafa. Onyo limebaki, mtu ametoweka.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilipangiwa fasihi kidato cha tatu. Darasani kulikuwa na mwanafunzi aliyerudi shule baada ya kujifungua. Siku moja tulikuwa tunajadili hatima za wahusika wa kike. Akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Kwani lazima wafe?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Nililirudisha swali kwa darasa zima, wakabishana mpaka kengele ikalia, na hawakukubaliana. Swali lile halimo kwenye kitabu chochote cha maswali na majibu ninachokijua. Lakini ni swali la msuko, tena la ndani kabisa: je, mhusika huyu anakufa kwa sababu ya alivyo, au kwa sababu mwandishi anahitaji ujumbe wa kufungia?

Tarakimu mbili tu

Riwaya ninayoiandika ina binti anayeitwa Somoe. Yuko kidato cha tatu, shule ya kata wilayani Newala. Anaishi na bibi yake. Baba yupo, ila ana nyumba nyingine upande wa Masasi. Somoe anapata ujauzito.

Rasimu ya kwanza niliiweka mwaka 2018. Wakati huo mwanafunzi wa shule ya serikali aliyepata ujauzito alifukuzwa, na hakuruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi. Mlango ukiwa umefungwa namna hiyo, msuko unajisuka wenyewe. Somoe anapanda basi la Dar es Salaam, anashuka Mbagala, anafanya kazi za ndani, ananyanyasika, na katika sura ya mwisho anafariki akijifungua.

Rasimu ya pili nimeihamishia mwaka 2022. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaweza kurudi, na ukatolewa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021. Sasa tazama. Kwenye ukurasa wa kwanza nimebadili tarakimu mbili tu, na ile nguzo iliyokuwa imebeba riwaya nzima haipo tena. Somoe anaweza kurudi shule. Kwa nini basi aende Mbagala?

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Sheria ilipoacha kumzuia, ikabidi nitafute kinachomzuia kweli, na kila nilichokipata kilikuwa ni mtu. Nani atabaki na mtoto? Maziwa yakijaa na kuvuja kwenye shati jeupe katikati ya kipindi cha Hisabati, atafanyaje? Atakaa dawati moja na nani, wakati aliokuwa nao wameshafika kidato cha nne? Na yeye mwenyewe, akilala usiku, anataka nini? Shule ileile? Au cherehani? Au anataka tu siku moja watu wamwite kwa jina lake bila kuongeza neno?

Katika rasimu ya 2018 sikuhitaji kumuuliza Somoe swali hata moja kati ya haya, maana mlango uliofungwa ulikuwa unajibu kwa niaba yake. Katika rasimu ya 2022 lazima ajibu mwenyewe, na akijibu, anatembea. Riwaya sasa inasukumwa na miguu yake.

Bibi, mwalimu, na majirani wawili

Wahusika wengine nao walifuata mkondo huo. Bibi yake Somoe mwanzoni alikuwa mtu wa kulia na kutoa methali. Tunawajua mabibi wa namna hiyo, wamejaa kwenye hadithi. Nikamuuliza lile swali la anachokitaka. Bibi ana mikorosho. Kuanzia mwezi wa kumi kuna kuokota korosho, kutenganisha na mabibo, kuanika, kubeba hadi chama cha msingi, kusubiri mnada. Mgongo wake umechoka. Anampenda Somoe kuliko kitu chochote, na anamhitaji shambani. Basi bibi hataki arudi shule. Hasemi hivyo. Anasema, "Mjukuu wangu, pumzika kwanza." Msimu wa korosho unaishia wakati shule zinakaribia kufunguliwa Januari, kwa hiyo kalenda ya Newala yenyewe ikanipa kilele: fedha ya mnada imeingia, siku za kufungua shule zinahesabika, na watu wawili wanaopendana hawatazamani machoni. Hata mandhari, ile droo tunayoijaza kwa neno "kijijini", imeingia kwenye msuko.

Mwalimu mkuu, niliyempa jina la Chilumba, alikuwa na fimbo na sauti kubwa. Darasani tungemwita mhusika bapa: anaingia akiwa mbaya, anatoka akiwa mbaya. Mwaka 2022 waraka unamtaka ampokee Somoe. Je, bado ni mbaya? Nikaandika anachokitaka: matokeo mazuri ya kidato cha nne, choo kipya cha wasichana, na asisumbuliwe na wakubwa wake. Anampokea Somoe vizuri kabisa. Anampa kitabu. Ila kila akiita majina, akifika kwake anasema, "Mama yupo?" na darasa linacheka, naye anaona ameleta uchangamfu. Fimbo haipo tena, na Somoe anaumia zaidi. Sasa hakuna wa kumshitaki, na msomaji ambaye ni mwalimu anaweza kujiona humo. Mtu wa namna hiyo tunamwita mhusika duara, lakini hakuwa duara kwa sababu nilimwongezea sifa. Alibadilika kwa sababu alipewa jambo la kulitaka lisilomhusu mhusika mkuu.

Kulikuwa pia na mama mdogo anayeleta umbea na jirani anayeleta umbea. Wote wawili kazi moja. Niliwaunganisha wakawa mtu mmoja, na kwa kuwa sasa ni ndugu, umbea wake una gharama: akisema, anajivunjia nyumba yake mwenyewe. Ukiona wahusika wawili wanabeba ndoo moja, jaribu kumwachia mmoja, uone kama maji yatamwagika.

Jinsi ya kufumua bila kupotea

Nimejaribu njia kadhaa, na hizi ndizo zinazonisaidia katikati ya asainimenti, tesiti na bumu lililochelewa.

Kwanza, andika ukurasa mmoja kwa kila mhusika muhimu. Usiandike urefu wake na rangi ya macho. Andika anataka nini leo, anaogopa nini, na anamdanganya nani kuhusu nini. Ukishindwa kujibu la tatu, mhusika huyo bado humjui.

Pili, chora jedwali. Kila sura mstari mmoja, safu nne: nani anataka nini, nani au nini kinamzuia, anaamua nini, na kitu gani hakiwezi kurudi kama kilivyokuwa. Sura ambayo safu ya mwisho iko tupu inaweza kuwa tamu kusoma, lakini haijasogeza kitu.

Tatu, soma jedwali kuanzia juu hadi chini, na kati ya sura na sura weka neno. Ukiweza kuweka "kwa hiyo" au "lakini", sura zimefungana. Ukiona linaingia "kisha" peke yake mara nne mfululizo, hapo una kisa, bado huna msuko.

Nne, fumua mkono mmoja kwa wakati. Ukibadili mwaka, ufuate mwaka huo mpaka sura ya mwisho kabla hujabadili msimulizi. Ukibadili vitu vitatu kwa pamoja hutajua ni kipi kimeleta kilichotokea, kama mpishi aliyeongeza chumvi, ndimu na pilipili kwa mkupuo mmoja.

Tano, acha lugha kwa sasa. Kutafuta neno zuri kwenye sura ambayo huenda ikaondoka ni kupaka rangi ukuta utakaobomolewa kesho. Mifupa kwanza.

Sita, usifute. Hifadhi kila rasimu na tarehe yake. Kurasa zangu 41 za Mbagala zimo kwenye bahasha chini ya godoro. Hazimo kwenye riwaya, lakini kutokana nazo najua Somoe angeishi vipi mjini, na ujuzi huo unaonekana anapokataa kupanda basi.

Saba, mpe msomaji mmoja, na umuulize swali la kufaa. Ukiuliza "ni nzuri?" mwenzako wa chumba atasema nzuri, ili alale. Muulize: "Unadhani atafanya nini baada ya hapa?" Akitaja jambo ambalo hukulipanga, na jambo hilo linatokana na alivyomwona mhusika, kaa nalo usiku mzima. Huenda amemwona mhusika wako vizuri kuliko wewe.

Je, kila kazi ifumuliwe?

Hapana. Na hapa kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza, zipo kazi ambazo mhusika bapa ndiye chombo sahihi. Shaaban Robert alipoandika Kusadikika mwaka 1951, mshitakiwa alimwita Karama na mshitaki wake Majivuno. Katika Adili na Nduguze, mwaka uliofuata, ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Jina linakuambia kila kitu kabla mtu hajafungua mdomo, na ndivyo hadithi ya mafunzo inavyotakiwa kuwa. Ukimpa Majivuno mashaka na kumbukumbu za utotoni, utaua hadithi. Anayefumua lazima kwanza ajue anasuka kitu gani.

La pili, kufikiri upya kunaweza kuwa njia ya kukimbia. Wapo wanaoandika sura ya kwanza mara kumi na hawajawahi kuiona sura ya tano. Kipimo changu ni hiki: kama badiliko linajibu swali kuhusu mtu aliyemo ndani ya riwaya, liendelee. Kama limekuja kwa sababu jana usiku niliangalia filamu nzuri, lisubiri wiki mbili. Likiwa bado linanidai baada ya hapo, nalilipa.

Na mwisho wa kitabu je? Charles Dickens alikuwa ameshamaliza Great Expectations, mwaka 1861, wakati mwandishi mwenzake Bulwer-Lytton alipomshauri abadili mwisho. Katika mwisho wa kwanza Pip na Estella wanakutana kwa muda mfupi London, wanaachana. Katika ule uliochapishwa wanakutana kwenye bustani ya nyumba iliyobomoka, na msomaji anaachiwa tumaini. Wasomaji wanabishana mpaka leo upi unawafaa zaidi wale wawili. Wanaweza kubishana kwa sababu Pip na Estella ni watu wa kutosha kubeba miisho yote miwili. Onyo lisilo na mtu ndani yake lina mwisho mmoja tu.

Wenzangu wa Kitivo cha Elimu wananiuliza kama riwaya ya Somoe isiyo na adhabu haitahamasisha wasichana kupata mimba. Nawajibu kwa yaliyomo humo: kuna maziwa yanayovuja, kuna darasa linalocheka, kuna bibi mwenye mgongo unaouma na mtoto anayelia saa nane za usiku. Atakayeona hapo pana mteremko hajasoma. Lakini msichana aliyekwisha kujifungua, ambaye yupo kwenye dawati la nyuma tayari, hawezi kufaidika na onyo. Limemchelewa. Anachoweza kupata kwenye kitabu ni mtu anayefanana naye na ambaye kesho yake bado haijaandikwa.

Hivi sasa niko sura ya 11. Ni Januari, Somoe ameshaonyesha sare kwa bibi, bibi ameishika kitambaa bila kusema neno. Nina miisho miwili kwenye jedwali na sijachagua. Kwenye mmoja wapo anarudi shule, na kwenye mwingine anachagua kitu tofauti kwa akili zake timamu. Kwenye yote miwili yuko hai.

Kama na wewe una muswada uliolala kwenye flashi tangu mwaka wa kwanza, ufungue wiki hii kabla UE hazijatubana. Usianze kusahihisha vituo na herufi kubwa. Chukua mhusika uliyemuua, au uliyemwozesha ili kitabu kiishe, umuulize alikuwa anataka nini.

Mwandishi ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya Elimu.